Mayai Yanayolala: Jinsi ya Kuangua na Kuweka Mayai ya Uduvi wa Chumvi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kilosa na Mikumi

Maneno ya somo la leo

Mwalimu, yaandike maneno haya ubaoni kabla ya kipindi kuanza. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mara mbili.

*Uduvi* – kamba wadogo sana.
*Kifaranga cha samaki* – samaki mtoto, aliyetoka katika yai karibuni.
*Kuangua* – kumtoa mtoto katika yai.
*Ganda* – ngozi ngumu ya nje ya yai.
*Kiini* – chakula kilicho ndani ya yai.
*Unyevu* – maji kidogo yaliyo katika hewa, udongo au kitu chochote.

Salamu

Ndugu wasikilizaji, mabibi na mabwana, hamjambo. Karibuni tena darasani. Walioko Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa na Mikumi, kaeni karibu na redio, na kitabu kiwe mkononi. Maneno tutakayosema leo ndiyo yaliyoandikwa katika kurasa hizi. Ikiwa jambo limekupita wakati wa kusikiliza, litafute baadaye kwa kusoma. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma: maneno ya redio hupita kama upepo, lakini maneno ya kitabu hukungoja.

Leo tutajifunza habari za chakula cha vifaranga vya samaki. Baadhi yenu mnafuga kambale. Wengine mnafuga samaki wadogo wa rangi katika sanduku la kioo, kuwa pambo la nyumba au kwa kuuza. Wote mna shida moja. Vifaranga hutoka katika mayai kwa maelfu, nawe unafurahi. Baada ya siku chache unawakuta wamelala chini ya maji, weupe, wamekufa. Mtu husema, "Ni ugonjwa," au, "Ni maji mabaya." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni njaa tu. Kinywa cha kifaranga ni kidogo mno, na chakula ulichompa hakikuweza kuingia.

Chakula kinachoingia katika kinywa hicho kipo. Huuzwa katika makopo, nacho kinafanana na vumbi la rangi ya kahawia. Vumbi hilo ni mayai ya uduvi wa chumvi. Ni mali ya bei kubwa, na mtu asiyejua kuyaweka huyapoteza upesi. Kwa hiyo tutasema mambo mawili: namna ya kuyaangua na namna ya kuyaweka.

Kwanza, tuanze hapa kwetu Kimamba

Huenda mtu akauliza, "Yai linawezaje kukauka kama vumbi, kisha likatoa kiumbe hai?" Swali zuri. Jibu lake lipo katika madimbwi yetu wenyewe.

Mnajua kwamba wakati wa mvua tambarare za Kilosa na bonde la Mkata hujaa madimbwi. Kiangazi kikija madimbwi hukauka, udongo mweusi ukapasuka, na ng'ombe wakapita juu yake. Mvua ikirudi, dimbwi hujaa tena. Na tazama, baada ya muda mfupi mna samaki wadogo! Wametoka wapi? Wazee wengine walisema wameshuka pamoja na mvua. Hawakushuka na mvua. Walikuwa ndani ya udongo, katika mayai.

Samaki hao hawazidi urefu wa kidole. Dume ana rangi za kupendeza, jike ni wa rangi ya udongo. Hutaga mayai yao katika tope. Maji yakikauka, wazazi wote hufa. Lakini yai hulala ndani ya udongo, miezi mingi, likingoja mvua. Mwaka 1977 mtaalamu aitwaye Wildekamp aliandika habari za samaki mmoja wa namna hii aliyepatikana Kimamba, akampa jina la kitaalamu *Nothobranchius steinforti*. Tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani wamemfuga samaki huyo katika masanduku ya kioo. Huyaweka mayai yake katika mboji yenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa miezi. Kisha humimina maji, na vifaranga hutoka.

Na vifaranga hao wa samaki wa Kimamba, huko ugenini hulishwa nini? Hulishwa uduvi wa chumvi. Basi mnaona kwamba somo hili halikutoka mbali nasi. Samaki wa Kilosa analala katika yai lake, na chakula chake nacho kililala katika yai.

Uduvi wa chumvi ni kiumbe gani?

Jina lake la kitaalamu ni *Artemia*. Ni mdudu wa maji wa jamii moja na kamba na kaa. Akikomaa urefu wake ni kama sentimita 1 tu. Huogelea chali, tumbo juu, akipiga miguu yake mingi. Haishi baharini, maana baharini samaki wangemmaliza. Huishi katika maji yenye chumvi kali kuliko bahari, mahali ambapo samaki hawawezi kuishi. Chumvi ndiyo boma lake.

Ziwa kubwa la chumvi la Utah, katika Marekani, lina uduvi hawa wengi sana. Watu huenda na mashua, kuanzia mwezi wa Oktoba, wakayakusanya mayai yanayoelea juu ya maji kama utando wa kahawia. Hapa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1980, uduvi hawa walipandikizwa katika mashamba ya chumvi karibu na Malindi, nchini Kenya, nao wakazaana huko.

Mambo yakiwa mema, mama uduvi huzaa watoto walio hai. Mambo yakiharibika, chumvi ikizidi au chakula kikipungua, hutoa mayai yenye ganda gumu. Ndani ya ganda mtoto amesimama kukua. Hali, hakui, karibu hapumui. Amelala. Akikauka vizuri aweza kulala hivyo kwa miaka. Mwaka 1972 mayai haya yalichukuliwa hata safari ya mwezini, katika chombo Apollo 16, ili wataalamu waone mionzi ya anga inavyovidhuru viumbe.

Yai moja ni dogo mno. Ukipanga mayai 4 katika mstari, hupati urefu wa kupita milimita 1 sana. Katika gramu 1 ya mayai mna mayai kama laki mbili hadi laki tatu. Mtoto anayetoka ana urefu wa karibu nusu milimita, rangi yake ya machungwa.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu Seale wa Marekani, na baadaye Rollefsen wa Norway, walionyesha kwamba watoto wa uduvi ni chakula chema kwa vifaranga vya samaki. Tangu hapo mayai haya yamekuwa biashara ya dunia nzima.

Nani anahitaji chakula hiki, na nani hahitaji?

Ndugu msomaji, usitupe fedha zako. Kama unafuga perege, huna haja ya uduvi. Mama perege hulea watoto wake kinywani, na wakitoka wamekwisha pata nguvu. Waweza kuwapa pumba laini na unga wa dagaa.

Kambale ni mwingine. Yai la kambale likiwa katika maji ya joto la nyuzi 28 hivi, huanguliwa baada ya siku 1 au siku 1 na nusu. Kifaranga hutoka na kiini tumboni. Kiini hicho ni masurufu yake ya siku 2 au 3. Kikiisha, lazima ale. Lakini tumbo lake bado halijakamilika. Chakula kikavu hakisagi vizuri. Anataka chakula hai, laini, kinachotembea mbele ya macho yake. Akikosa, hudhoofika, na wale wakubwa huanza kuwala wadogo. Mpe uduvi siku 5 hadi 7 za kwanza, kisha mzoeshe chakula kikavu pole pole.

Samaki wa rangi nao, walio wengi, vifaranga vyao huhitaji chakula hiki katika siku zao za mwanzo.

*(Hapa mwalimu asimamishe kusoma. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe: kwa nini perege hahitaji uduvi, na kambale anamhitaji?)*

Kuangua mayai: vifaa

Tafuta vitu hivi:

1. Chupa ya plastiki ya maji, ya lita 1 na nusu.
2. Chumvi ya kawaida, vijiko 2 vya chakula, vilivyosawazishwa, kwa kila lita 1 ya maji.
3. Maji safi. Kama ni maji ya bomba yenye dawa, yaache wazi katika ndoo usiku mmoja.
4. Pampu ndogo ya hewa na mpira wake mwembamba.
5. Taa.
6. Kitambaa safi chenye nyuzi za karibu karibu, kama leso.
7. Mayai, robo ya kijiko cha chai kwa kila lita.

Usicheke ukisikia "robo ya kijiko." Katika robo hiyo mna mayai kupita laki moja.

Kuangua mayai: kazi yenyewe

*Hatua ya kwanza.* Kata kitako cha chupa. Igeuze, mdomo uwe chini na kizibo kimefungwa sana. Ifunge katika fremu ya mbao au kiti ili isimame. Sasa chupa imekuwa kama faneli, wala haina pembe ambamo mayai yatajificha.

*Hatua ya pili.* Tia lita 1 ya maji na vijiko 2 vya chumvi. Koroga hata chumvi iishe. Ikiwa maji yako ni ya mvua, ongeza chembe kidogo za magadi soda ya kupikia, maana mayai haya hayapendi maji yenye uchachu.

*Hatua ya tatu.* Teremsha mpira wa hewa mpaka chini kabisa. Washa pampu. Maji yachemke kwa mapovu, kama sufuria jikoni, ili yai lolote lisitulie chini. Yai lililotulia chini hukosa hewa likafa.

*Hatua ya nne.* Tia mayai. Weka taa karibu. Mwanga wa saa za kwanza ndio unaoliamsha yai.

*Hatua ya tano.* Ngoja. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28, watoto hutoka kati ya saa 18 na saa 24. Maji yakiwa baridi, watakawia mpaka saa 36 au zaidi. Kilosa na Mikumi joto si shida wakati mwingi wa mwaka. Lakini usiku wa Juni na Julai ni baridi. Basi iweke chupa jikoni, palipo na joto la meko, mbali na moshi na mafuta.

Je, kama nyumbani kwako hakuna umeme? Usivunjike moyo. Tumia bakuli pana au sinia ya plastiki. Tia maji ya chumvi, kina chake sentimita 2 tu, na mayai machache sana, yasifunikane. Maji mapana na machache hupata hewa yenyewe. Liweke mahali penye mwanga, pasipo jua kali. Utapata watoto wachache kuliko wa chupa, lakini utapata.

Kupanga siku

Kazi hii inataka kuhesabu siku kwa kurudi nyuma. Tuchukue mfano. Mayai ya kambale wako yalirutubishwa Jumatatu asubuhi. Yataanguliwa Jumanne. Kiini kitaanza kwisha Alhamisi jioni. Kwa hiyo uduvi lazima wawe tayari Alhamisi jioni. Basi uiwashe chupa ya kwanza lini? Rudi nyuma saa 24: Jumatano, saa 12 za jioni. Alhamisi jioni washa chupa ya pili kwa chakula cha Ijumaa. Ukiwa na chupa 2 zinazopokezana, hutakosa chakula hata siku moja.

Mtu anayekumbuka uduvi wakati vifaranga wameanza kufa, amechelewa kwa saa 24. Na saa 24 kwa kifaranga ni maisha mazima.

Kuvuna na kulisha

Zima pampu. Ngoja dakika 5 hadi 10, usizidishe, maana watoto nao wanataka hewa. Funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi na uweke taa karibu na sehemu ya chini. Watoto wa uduvi hupenda mwanga, watashuka kuufuata. Utaona mambo matatu. Juu yanaelea maganda matupu, rangi ya kahawia. Chini kabisa yamelala mayai yaliyokataa kuanguka. Katikati na juu kidogo ya chini kuna wingu la rangi ya machungwa. Hao ndio watoto.

Chukua mpira mwembamba, vuta lile wingu la machungwa tu, ulimimine juu ya leso. Wasafishe kwa maji baridi safi ili chumvi itoke. Kisha wape vifaranga.

Angalia sana maganda. Ganda halisagiki tumboni. Kifaranga akilimeza laweza kumziba utumbo akafa. Tena maganda na mayai mabovu huozesha maji. Wataalamu hulivua yai ganda lake kwa dawa ya klorini kabla ya kuangua, lakini dawa hiyo huunguza macho na mikono, na ikizidi muda huua mayai yenyewe. Kazi hiyo jifunze mbele ya mwalimu wa ufugaji, usijaribu peke yako.

Sasa, ulishe kiasi gani? Kidogo, mara nyingi. Mara 4 hadi 6 kwa siku ni vizuri. Uduvi ni wa maji ya chumvi; ukimtia katika maji baridi huishi muda mfupi tu, kisha hufa na kuoza. Wape vifaranga kiasi watakachomaliza upesi. Tazama matumbo yao: tumbo likiwa la rangi ya machungwa, ameshiba.

Na usiwaweke watoto wa uduvi muda mrefu kabla ya kuwatumia. Mtoto wa uduvi aliyetoka sasa hivi ana kiini kingi. Yeye mwenyewe ni kama yai lenye miguu. Kila saa inayopita anakila kiini chake, anakonda, tena anakuwa mkubwa na mwepesi wa kukimbia. Mtoto wa jana hana mafuta ya mtoto wa leo. Kama huna budi kuwaweka, watie katika maji ya chumvi ndani ya friji, wasisongamane, na uwamalize siku hiyo ya pili.

Kuweka mayai: adui wanne

Tumefika katika kiini cha somo. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii huharibika, tena bila kunuka wala kubadilika rangi. Mtu aweza kuwa na kopo zuri la mayai yaliyokufa, asijue mpaka siku ya haja.

Mayai haya yana adui wanne: unyevu, joto, hewa na jua.

*Unyevu* ndiye adui mkubwa. Yai kavu limelala usingizi mzito. Likipata unyevu kidogo, linaamka nusu. Linaanza kutumia kiini chake, lakini maji hayatoshi kutoka. Limechoma kuni zake kabla ya kuweka sufuria. Siku ukilitia katika maji, halina nguvu tena. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa yetu ina unyevu mwingi. Kopo lililoachwa wazi siku chache tu wakati huo hupata hasara.

Hapa tukumbuke samaki wa Kimamba, maana watu huchanganya. Yai la samaki yule huwekwa katika unyevu kidogo. Likikauka kabisa hufa. Yai la uduvi huwekwa kavu kabisa. Likipata unyevu kidogo huharibika. Yote mawili hulala, lakini hayalali kitanda kimoja.

*Joto* hulifanya yai lizeeke upesi. Usiweke kopo juu ya kabati chini ya bati, wala karibu na meko. *Hewa* ikiingia kila siku hulidhoofisha yai. *Jua kali* vile vile.

Kuweka mayai: la kufanya

1. Nunua kopo dogo unaloweza kulimaliza. Soma tarehe iliyoandikwa juu yake. Hii ndiyo kazi ya kisomo!

2. Kopo ambalo halijafunguliwa, liweke mahali pa baridi na giza.

3. Siku ya kulifungua, gawa mayai katika chupa ndogo kavu zenye vizibo vya kukaza. Zijaze kabisa, hewa isipate nafasi. Fungua moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine zikae zimefungwa.

4. Katika kila chupa tia kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, kama vile vifuko vinavyokuja katika masanduku ya viatu vipya. Kama huna, kaanga mchele mpaka ukauke sana, uache upoe, ufunge katika kitambaa safi. Usiuchanganye na mayai.

5. Andika juu ya chupa: jina, na tarehe uliyofungua.

6. Ziweke katika friji. Ukitoa chupa, usiifungue papo hapo. Iache imefungwa mpaka ubaridi uishe. Ukiifungua ingali baridi, umande wa hewa utaingia juu ya mayai, na umande ni unyevu.

7. Chota kwa kijiko kikavu. Kijiko kilichotoka katika maji ya uduvi kisirudi katika chupa kamwe.

Asiye na friji aweza kununua kidogo kidogo, na kumaliza mayai aliyofungua ndani ya wiki chache. Chupa ifunge, uitie ndani ya chungu chenye mfuniko, mahali penye kivuli. Lakini chungu kiwe kikavu, si mtungi wa maji.

Kuna njia nyingine pia: maji ya chumvi yaliyoshiba. Koroga chumvi katika maji mpaka chumvi ikatae kuyeyuka. Tia mayai humo. Chumvi ile kali hulivuta maji nje ya yai, na yai hubaki limelala. Ukiweka chupa hiyo katika friji ni bora zaidi. Siku ya kutumia, chuja mayai unayoyataka, yaoshe kwa maji baridi, kisha yaangue kama kawaida.

Je, mayai yakilowa kwa bahati mbaya? Yatandaze mara moja, tabaka nyembamba, juu ya kitambaa safi, kivulini, penye upepo mdogo. Usiyaanike juani wala usiyakaange. Joto lisipite nyuzi 40. Yakikauka, yatumie kwanza, kabla ya mengine.

Kupima mayai, na hesabu yake

Kabla ya kutegemea kopo, lipime. Chukua chembe chache kwa ncha ya kijiti kilichonyevuka, uzitie katika kisahani cheupe. Kwa kioo cha kukuzia, hesabu mayai 100, mengine yaondoe. Tia maji ya chumvi. Baada ya saa 36, hesabu mayai yaliyobaki bila kuanguka.

Tuseme yamebaki 20. Basi yaliyoanguka ni 100 kutoa 20, yaani 80. Hayo ni mayai mazuri. Tuseme yamebaki 60. Yaliyoanguka ni 40 tu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kopo la kwanza linauzwa shilingi 60,000, na katika kila mayai 100 huanguka 40. Kopo la pili, la uzito ule ule, linauzwa shilingi 90,000, na huanguka 80. Lipi rahisi? Gawanya 60,000 kwa 40, unapata 1,500. Gawanya 90,000 kwa 80, unapata 1,125. Kumbe kopo la bei kubwa ndilo rahisi! Tena kopo la kwanza litakupa takataka nyingi za mayai mabovu. Asiyejua kugawanya hununua hasara kwa fedha yake mwenyewe.

Kwa asiyepata mayai haya

Usikae na kulia. Chimba shimo dogo, au chukua pipa lililokatwa. Tia maji na samadi kidogo ya kuku au ng'ombe. Baada ya siku kadhaa maji yatageuka kijani, na wadudu wadogo wanaorukaruka, viroboto wa maji, wataanza kuzaana, hasa ukiwapandikiza kutoka dimbwi lisilo na samaki. Wachuje kwa kitambaa, uchague wadogo. Lakini funika pipa kwa chandarua, mbu wasitage humo. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kilichopondwa na kuchujwa, kinasaidia pia, lakini kidogo sana, maana huozesha maji upesi.

Tena jambo la mwisho. Usichote maji wala samaki ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1964, na sheria inakataza kutoa kiumbe humo. Wala usimwage samaki wa kioo, wageni, katika mto Mkondoa au katika madimbwi yetu. Samaki mgeni aweza kumaliza wenyeji. Na dimbwi la Kimamba lisilo na maji usilione kuwa ni ardhi tupu ya kujaza taka. Ndani ya udongo ule uliopasuka kuna uhai unaongoja mvua.

Kwa mafunzo zaidi ya kuzalisha vifaranga, mwendee ofisa uvuvi wa wilaya, au kituo cha ufugaji wa samaki cha Kingolwira, karibu na Morogoro.

Maswali ya darasa

Jibuni kwa kuandika, sentensi nzima nzima.

1. Kwa nini kifaranga cha kambale hakiwezi kula chakula kikavu siku za kwanza?
2. Taja adui wanne wa mayai ya uduvi. Ni yupi mkubwa, na kwa nini?
3. Yai la samaki wa Kimamba na yai la uduvi yanafanana katika nini? Yanatofautiana katika nini?
4. Mayai ya kambale yamerutubishwa Ijumaa asubuhi. Chupa ya kwanza ya uduvi utaiwasha siku gani na saa ngapi?
5. Katika mayai 100, yamebaki 35 bila kuanguka. Yaliyoanguka ni mangapi?
6. Kwa nini chupa iliyotoka katika friji isifunguliwe mara moja?

Kazi ya nyumbani

Tafuta chupa moja kavu yenye kizibo, uibandike karatasi, uandike juu yake jina la kitu kilichomo na tarehe ya leo. Kiwe mayai ya uduvi, au mbegu za mchicha, au dawa ya kuku. Ilete darasani, kila mmoja asome chupa ya mwenzake.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mwisho wa somo letu. Fungeni redio, fungueni daftari. Kwaherini.